Kadi Niliyoiandika Kwenye Kiti cha Mzee Kinyume

Juni 30

Kwako Mzee Kinyume, shikamoo, na kwenu nyote mtakaolisoma jarida hili la wafanyakazi.

Leo, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi katika hospitali yetu, karani wa masjala ambaye karibu sote tunamwita Mzee Kinyume anastaafu rasmi. Aliajiriwa akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, anaondoka akiwa na sitini kamili, meno yake yote kinywani, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kwa muda wote huo amechelewa kazini mara moja tu, siku mkewe alipojifungua mapacha, na hata siku hiyo alimtuma shemeji yake aje kumwombea radhi.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye dirisha moja kwa miaka mingi kuliko wengine. Nilikubali pale pale. Nilikubali haraka mno, na huko mbele nitaeleza kwa nini.

Mzee alianza kama tarishi. Kazi yake ilikuwa kubeba majalada ya wagonjwa kutoka masjala kwenda wodini na kuyarudisha. Alikuwa ameishia shule ya msingi, na Kiingereza alichokijua kilikuwa cha salamu na namba. Siku moja daktari mmoja aliyekuwa anahama alitupa kamusi kuukuu kwenye kapu la takataka. Mchwa walikuwa wamekwisha kula herufi A, B na C zote. Mzee akaiokota, akaikung'uta, akaanza kusoma kutoka D. Ndiyo maana hadi leo masjala yetu mtu akiulizwa jambo asilolijua hujibu kwamba hilo liko kwenye sehemu iliyoliwa na mchwa.

Kilichomfanya aanze kueleza maneno ni mtu mmoja aliyekuja kupimwa ili apewe kazi ya ulinzi. Alitoka kwa daktari na barua mkononi, akaona ndani yake neno "fit", akaanza kumpa mkono kila aliyekutana naye ukumbini. Wauguzi walimpongeza, mfagizi alimpongeza. Mzee aliyekuwa anapita na majalada yake akaitupia jicho ile barua, akaona kwamba mwenyewe ameruka herufi mbili. Neno lilikuwa "unfit". Alimshika mkono, akamkalisha kwenye benchi, akaziba "un" kwa kidole gumba na kumwambia, "Hivi ndivyo ulivyosoma, kaka. Umefaa." Kisha akaondoa kidole. "Na hivi ndivyo daktari alivyoandika. Hujafaa kwa kazi hii. Nasema kwa kazi hii, maana karatasi hii haijasema neno lolote juu yako wewe." Yule mtu alilia kidogo, akauliza maji yako wapi, akaenda zake.

Kuanzia hapo Mzee alikuwa mtu wa kidole gumba. Alipopandishwa cheo kuwa karani wa dirisha la masjala, ambako wagonjwa huchukua barua zao za majibu, aliomba ruhusa kwa daktari mkuu wa wakati ule aeleze maneno kwa wasiojua Kiingereza. Akaruhusiwa kwa masharti: aeleze neno tu, asieleze ugonjwa, na mwenye swali zaidi arudishwe kwa muuguzi.

Wageni wa ajira hawaelewi ilikuwaje, kwa hiyo nieleze. Alisema Kiingereza kina vichwa vya kukana, vinavyoligeuza neno liwe kinyume chake (jina lake lilitoka hapo), na mtu akivijua hivyo hawezi kutishwa na neno refu. Kuna "un", kuna "in", kuna "non", kuna "dis". Hiyo "in" nayo ni kama mtu anayebadili viatu kwa kutazama njia anayopita: mbele ya P huwa "im", mbele ya R huwa "ir", mbele ya L huwa "il", lakini ni yule yule. Ziba kichwa, soma kilichobaki, kisha fungua. "Incomplete" ni vipimo havijakamilika, si kwamba ni vibaya. "Irregular" ni mapigo ya moyo hayafuati mpangilio. "Inconclusive" ni majibu hayajasema ndiyo wala hapana. "Non-urgent" si ya haraka, na wengi walifurahi kusikia hivyo kuliko alivyotarajia. "Unknown" ni haijulikani, na hapo aliongeza kwamba daktari anayeandika hivyo ni mkweli, apewe heshima yake.

Kuhusu "dis" alikuwa makini zaidi. Alisema "un" inakueleza kwamba kitu hakipo, lakini "dis" mara nyingi inakueleza kwamba kilikuwepo kikaondoka, au kimeondolewa. Mtu "unable" hawezi. Mtu "disabled" kuna uwezo uliomtoka. Kwa hiyo, alisema, ukikutana na "dis" usikimbilie kusoma, muulize kwanza mtu alikuwa na nini.

Alituonya pia kwamba kidole hudanganya. Neno "important", yaani muhimu, likizibwa kichwa halitoi kitu. Mlinzi wa getini, ambaye hakuacha kumchokoza, alimjia asubuhi moja na kumuuliza mbele ya foleni nzima, "Mzee, na 'uncle' ukimkata kichwa anabaki nani?" Mzee hakuinua uso kutoka kwenye daftari. "Anabaki mjomba bila kofia. Rudi getini." Foleni ilicheka hadi muuguzi wa zamu akatoka kuangalia kuna nini.

Mwaka mwingine alibandika kikaratasi juu ya visanduku vya barua vya madaktari, chenye neno moja, "illegible", na chini yake maana: mwandiko usiosomeka. Wiki nzima madaktari walikisia kimelengwa kwa nani. Wa macho alidhani ni wa mifupa, wa mifupa alidhani ni wa watoto. Mwandiko wa wote ulinyooka kwa siku kama kumi hivi.

Zaidi ya yote kulikuwa na kadi zake. Alikata karatasi ngumu kutoka kwenye maboksi ya glavu, akaigonga kila kadi muhuri wenye jina lake pembeni, kisha akaandika neno upande mmoja na maana yake upande wa pili, mgonjwa akiwa anatazama. Alikuwa na kanuni tatu. Mtu akalishwe kwanza. Maana iandikwe mbele yake. Na kanuni ya tatu, aliyoirudia kuliko zote: faraja isemwe kwa mdomo, kwenye kadi iandikwe maana peke yake. Aliniambia mara nyingi, "Binti yangu, maneno ya mdomo mtu huyasahau akifika nyumbani. Kadi ataisoma kesho, ataisoma na keshokutwa. Usimwandikie kitu ambacho keshokutwa kitamgeuka."

Niliijua kanuni hiyo vizuri. Niseme hivyo mapema, asije mtu akanitafutia udhuru.

Wafanyakazi wengi mnaamini Mzee aliondolewa dirishani miaka tisa iliyopita kwa sababu alimwandikia mgonjwa kadi ya uongo. Ndivyo ilivyosemwa, na ndivyo barua ya onyo iliyo kwenye jalada lake inavyosema. Kwa sababu ya barua hiyo jina lake halikupelekwa kwenye orodha ya cheti cha utumishi bora, wakati tarishi aliyeanza naye amekipata mara mbili. Mimi nilipokwenda kulisoma jalada lake ili nipate tarehe za wasifu huu, niliikuta barua hiyo, na nyuma yake maelezo aliyotakiwa kuyatoa. Aliandika mstari mmoja: "Kadi ni yangu na dawati ni langu." Nilisoma mstari huo nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni kati ya makabati.

Kadi ile niliiandika mimi.

Mzee alikuwa amekwenda ghorofani kutafuta jalada lililopotea. Nilikaa kwenye kiti chake. Akaja fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Barua yake ilisema jicho la kushoto limeharibika kwa presha ya macho na uharibifu huo ni "irreversible", hivyo afike kliniki kila mwezi ili jicho la kulia liokolewe. Alinionyesha lile neno refu kwa kuwa ndilo daktari alilolipigia mstari. Akaniambia, "Nisomee upesi mwanangu, nina gauni la bi harusi la Jumamosi, sijatia hata shanga." Nilikaa na kadi yenye muhuri wa Mzee mkononi. Nilijua maana. Haliwezi kurudi lilivyokuwa. Nikamtazama usoni, nikashindwa. Nikaandika: "Jicho litarudi taratibu, usiwe na wasiwasi." Akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda.

Kwa kuwa jicho lilikuwa linarudi, hakuona haja ya kliniki. Alikaa nyumbani miezi minane akisubiri. Wateja aliwaambia waje mwezi ujao. Alipokuja tena aliletwa na kaka yake, na jicho la kulia nalo lilikuwa limebaki na uwezo wa kuona mwanga na vivuli tu.

Kaka yake aliitupa kadi juu ya dawati na kupaza sauti, "Mzee mzima na mvi zako, unamdanganya mtu macho yake!" Mzee aliichukua ile kadi, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Nilikuwa napanga majalada ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Hakugeuka kunitazama. Akasema tu, "Kadi ni yangu. Nisamehe, ndugu yangu."

Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo ya majalada ya zamani, chumba cha chini kisicho na dirisha. Mimi nikawa mkuu wa dirisha. Kadi zikapigwa marufuku, na tangazo linalosema "Hatutafsiri barua" nililibandika mimi kwa mkono wangu, nikahakikisha halijakwenda upande.

Miaka mitano baadaye nilipata barua yangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa fundi redio, mtu mtulivu, aliyetia sukari kwenye chai bila kuikoroga na kuilamba mwishoni kwa kijiko kama mtoto. Uvimbe wake ulikuwa "inoperable". Baada ya miaka yote ya kukaa karibu na mtu wa kidole gumba nilijua neno hilo lilivyo, lakini siku hiyo herufi zilikataa kukaa pamoja. Nilishuka ngazi mpaka stoo. Aliniona nimeishika ile barua, akaondoa majalada juu ya boksi, akaniambia nikae. Akaisoma. Akasema, "Maana yake hawawezi kumpasua. Si kwamba hahitaji, mama. Hawawezi." Akachana kipande cha karatasi ngumu, akaandika maneno hayo hayo, hakuongeza hata moja. Kisha akakaa nami muda mrefu, na aliyonifariji nayo yalikuwa ya mdomo, sitayaandika hapa.

Kwa ajili ya kipande kile tulipata wiki kumi na moja tukijua tulipo. Mume wangu alimpigia simu kaka yake ambaye hawakusemezana kwa miaka. Alinionyesha funguo za kila kufuli. Alibandika jina la mwenyewe kwenye kila redio iliyokuwa imebaki kwenye karakana, kumi na nne, na siku zile za mwisho aliniuliza kila asubuhi kama nitakumbuka kwamba ile yenye kitasa cha bluu ni ya mwalimu na si ya kinyozi. Alipofariki nilizirudisha zote kumi na nne kwa wenyewe. Hakuna aliyekuwa anamdai mume wangu redio yake kaburini. Hilo ndilo nililopewa na Mzee, na ndilo nililomnyima fundi cherehani. Hata hapo sikusema. Niliogopa msiba na aibu vije pamoja, na baadaye nikaona aibu kwa kuwa nilichelewa, na kila mwaka uliopita ukaongeza uzito. Ndiyo maana nilipoombwa wasifu huu nilikubali haraka: nilidhani kumsifu kungelipa deni.

Wiki tatu zilizopita, baada ya kusoma jalada, nilishuka stoo na kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Aliniruhusu nimalize, akasema, "Mwandiko wako nimeusoma miaka kumi na minne. Ulidhani sikuujua?" Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akajibu kwamba siku ya kwanza alisubiri niseme mwenyewe. Akasubiri wiki. Akasubiri mwezi. "Halafu nikaanza kuona aibu kwa niaba yako, binti, nikaacha kusubiri." Nilidhani ameniadhibu vya kutosha kwa sentensi hiyo, lakini aliongeza nyingine. "Mimi nilihamishwa chumba tu. Kwa fundi umeshakwenda?"

Nilikwenda Jumamosi. Anaishi na mdogo wake wa kike katika nyumba ya vyumba viwili, cherehani iko karibu na mlango. Niliposalimia tu akageuza uso. "Hiyo sauti ni ya dirishani." Nilimweleza yote. Mdogo wake aliyekuwa anakunja nguo aliacha kukunja. Fundi alipapasa ukingo wa meza kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Kisha akasema, "Miaka tisa namlaani mzee wa watu. Wewe ulikuwa unasikia?" Nikasema nilikuwa nasikia. Akauliza kwa nini nilimwandikia vile. Nikajibu kwamba nilimhurumia.

"Hapana, dada," akasema. "Ulijihurumia wewe. Hukutaka kuniona nikilia. Ningelia siku moja, halafu kila mwezi ningekuja kliniki, hata kwa kutambaa."

Mdogo wake alinisindikiza mpaka mlangoni. Nilipokuwa nje fundi aliniita kwa sauti, akanituma ujumbe. Alisema: "Mwambie mzee kwamba nilimkosea. Uuandike hapo hapo mnapomwandikia mambo yake, watu wausome." Mzee, ujumbe huo ndio huu. Nimeuandika kama ulivyosemwa, sikuongeza kitu.

Jumatatu nilikwenda kwa katibu wa hospitali na maelezo ya kurasa mbili. Alinisomea kanuni za kazi, ilikuwa haki yake. Jana asubuhi barua ya onyo iliondolewa kwenye jalada la Mzee, na nyingine, yenye jina langu, ikawekwa kwenye jalada langu. Kuanzia kesho mimi si mkuu wa dirisha. Jina la Mzee limepelekwa kwa ajili ya cheti, ingawa kwa kuchelewa huku kitamfikia nyumbani na si leo mkononi. Kuhusu wagonjwa kuelezwa barua zao, katibu amesema litazungumzwa kikaoni, nami nimeomba nialikwe kama shahidi wa kilichotokea mtu mwingine alipokalia kiti kile. Mhariri wa jarida aliniuliza kwa upole kama ningependa kuzitoa aya hizi, sherehe isiharibike. Nilimwomba aziache. Wenzangu mliosema maneno ya chini chini juu ya Mzee kwa miaka tisa hamkujua. Mimi nilijua, nikawaacha mseme, na mara mbili nilitikisa kichwa kama anayesikitika.

Mzee Kinyume, kwa niaba ya masjala, wodi, maabara, jikoni na getini, tunakushukuru kwa miaka thelathini na sita. Tunakushukuru kwa kila aliyetoka hapa akijua barua yake imesema nini. Mapacha wako wamekuwa watu wazima, mkeo amekusubiri nyumbani vya kutosha; siku zako ziwe ndefu, zenye afya, na usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele.

Mimi sikuombi msamaha hapa mbele ya watu. Nakufahamu. Ungesema umesamehe ili wageni waendelee kunywa soda zao kwa raha, na mimi ningekuwa nimekutumia tena. Jambo hilo nitakuja nalo nyumbani kwako, kwa miguu yangu, siku utakayopenda wewe, na ukisema hapana nitarudi nilikotoka. Leo nina ombi dogo tu. Ukikaa na mama watoto ukawasimulia wajukuu juu ya watu uliofanya nao kazi, usiniruke. Nitaje pamoja na wengine, na nililolifanya ulitaje pia.

Unikumbuke.